Dawati Bovu Lina Mwenyewe

Hapa Dar es Salaam, ukitoka Chang'ombe kuingia Keko, unasikia misumeno kabla hujaona duka. Vitanda vimesimamishwa wima kando ya barabara, makabati yamefunikwa turubai, makochi yanasubiri sponji huku mbao zake zote ziko nje. Mteja anaulizia mninga, fundi anaupima mfuko wake kwa jicho, kisha anamwambia kwa upole, "Dada, kwa hela hiyo mninga hatufiki. Chukua mkaratusi, nitaupiga vanishi mpaka mwenyewe usahau." Ni mtaa mzima wa watu wanaojua ubao una nini ndani kabla hawajaupasua.

Na hapohapo Temeke, ukizunguka nyuma ya shule za msingi, mara nyingi utakuta rundo. Madawati yamepandana kama yalivyotupwa, miguu juu, vyuma vimeota kutu, majani yamepenya katikati na kuku wa jirani ametaga humo. Darasani, upande wa pili wa ukuta uleule, watoto wamebanana wanne kwenye dawati la wawili, na aliyekaa pembeni anaandika huku mguu mmoja uko nje ili asianguke.

Mafundi wapo, vyuma vipo, wahitaji wapo, na wote wako umbali wa nauli moja ya bajaji. Kwa nini hawakutani? Jibu la haraka ni fedha. Fedha imo, sikatai, lakini haikai mstari wa mbele. Nayasema haya kwa kuwa nimo kwenye kikundi cha wazazi na mafundi kinachotengeneza madawati mabovu ya shule na kuzitafutia samani zilizotumika watu wa kuzitumia tena.

Mimi nimekulia kazini stoo, kwanza kama kijana wa kubeba na kupanga, baadaye kama mtu wa ugavi kwenye kampuni binafsi. Kwa hiyo nikiliona rundo kama lile, kinachonijia kichwani mwanzo ni leja. Dawati la shule ya serikali ni mali ya umma. Limepokelewa, limeandikwa, linahesabika. Mkaguzi akija akakuta daftari linasema mia mbili na uwanjani yapo mia na themanini, hiyo ni hoja, na hoja inajibiwa kwa maandishi na mtu mwenye jina na cheo. Mwalimu mkuu hawezi kumpa mama lishe zile mbao. Hawezi kumuuzia mtu wa vyuma chakavu zile fremu. Hata kuyatoa getini yakatengenezwe Keko, lazima awe na karatasi mkononi, la sivyo jioni hiyohiyo mtaa mzima unajua kwamba mwalimu anauza madawati. Basi anafanya jambo la akili kabisa kwa mtu aliye kwenye nafasi yake: anayaacha yalipo. Dawati lililovunjika likiwa nyuma ya darasa, bado lipo. Ule mzoga ndio risiti yake.

Tunapenda kusema mali ya umma haina mwenyewe. Jaribu kuichukua uone.

Njia rasmi ya kuiondoa ipo. Kamati inakagua, inatamka kwamba kitu ni chakavu, kibali kinaombwa, halafu unakuja mnada au zabuni. Sheria ya Ununuzi wa Umma, ile ya 2011 na hii ya 2023 iliyochukua nafasi yake, inagusa mpaka namna mali ya umma inavyouzwa kwa zabuni. Sina ugomvi na hilo. Bila taratibu, magari ya serikali yangeuzwa kwa bei ya baiskeli na mnunuzi angekuwa shemeji ya mtu. Ila hizo ni taratibu zinazoweza kubeba gari. Ukizipeleka kwenye madawati ishirini yaliyokatika miguu, soda na posho za vikao peke yake zinazidi thamani ya vyuma vyenyewe, na kila mtu mezani analijua hilo, ndiyo maana kikao hakiitishwi.

Rundo lenyewe lina historia. Ada ya shule za msingi ilipoondolewa na MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, kuanza mwaka 2002, watoto walifurika. Januari 2016 elimu bila malipo ikafika mpaka kidato cha nne, wakafurika tena. Mwaka huo wakuu wa mikoa na wilaya walipewa mpaka 30 Juni wawe wamemaliza upungufu wa madawati. Bunge lilibana matumizi yake likatoa shilingi bilioni 6 kwa ajili hiyo, na kazi ya kutengeneza ikaenda JKT na Magereza. Makampuni nayo yakajitokeza, kila wiki kwenye taarifa ya habari kulikuwa na mtu amevaa suti amekalia dawati la mtoto, magoti yamefika kifuani, anapigwa picha. Kazi ilifanyika, tena kubwa. Lakini vitu vilivyozaliwa pamoja huzeeka pamoja. Madawati yale yamekula miaka yake, na mengi yanafikia mwisho wa nguvu zake ndani ya kipindi kilekile.

Kuhusu wafadhili nina neno moja, kisha nitawaacha. Dawati jipya linaandikwa mgongoni kwa rangi, "Msaada wa fulani", linakabidhiwa mbele ya kamera. Hakuna anayekata utepe kwa sababu mguu umechomelewa upya. Nimewahi kumwambia ofisa mmoja wa mahusiano kwamba kwa bei ya dawati jipya tungeweza kuyafufua kadhaa, akanijibu kwa unyoofu ambao niliupenda: "Kaka, nikishayafufua, nitaandika wapi jina letu?" Tangu hapo kila dawati tunalolitengeneza tunaliachia nafasi ya kibandiko. Kama jina ndilo linaloleta bolti, jina na liandikwe.

Tulipoanza kupanga mambo tulikuwa wazazi kadhaa wa mtaa mmoja, mafundi seremala kutoka Keko, na vijana wawili waliosomea kuchomelea vyuma VETA. Kikao cha kwanza kila mtu alikuja na ramani ya karakana kichwani. Mmoja ameshaona mahali pa kukodi, mwingine anajua mtu anayeuza mashine ya kupasulia mbao iliyotumika. Mimi nikaomba tuanze na karatasi. Walinitazama kama mtu aliyeingia harusini akaulizia cheti cha kuzaliwa cha bwana harusi, lakini walinivumilia.

Uamuzi uliozaa mengine yote ulikuwa huu: dawati la shule halitoki getini. Fundi ndiye anayeingia. Mali haihami, haibadilishi mwenye nayo, haipiti barabarani juu ya mkokoteni ikazua maneno. Mwalimu mkuu hahitaji kibali cha kuiondoa mali kwa sababu hajaiondoa. Anachohitaji ni matengenezo, na matengenezo yako ndani ya uwezo wake na kamati ya shule. Kwa sentensi hiyo moja tukawa tumeikwepa miezi ya barua.

Bila shaka tuliingia kwenye mengine. Mashine ya kuchomelea inakula umeme vibaya, na shule ina LUKU yake inayonunuliwa kwa kubana. Mchana haujafika, uniti za shule zimekwisha na mwalimu mkuu amesimama mlangoni anauliza, kwa heshima zote, nani atazirudisha. Sasa tunachukua namba ya mita mapema na kununua uniti sisi kabla waya haujachomekwa. Tena tunakwenda likizo, Juni au Desemba, maana cheche na watoto wa darasa la kwanza havikai uwanja mmoja.

Dawati lenyewe ni kitu rahisi. Fremu ya bomba la mraba, ubao wa kuandikia, ubao wa kukalia, wakati mwingine na rafu ya madaftari. Na kwa kuwa ni rahisi, linaharibika palepale kila mara. Pa kwanza ni kiungo kinachoshika kiti na mguu wa nyuma. Mtoto anaegemea, mwenzake anasukuma kwa goti, ugomvi wote wa darasa unaishia hapo. Ukikitazama kwa karibu unakuta aliyekichomelea alikigusa nukta mbili akaenda zake, kwa sababu alikuwa analipwa kwa idadi. Pa pili ni nyayo. Sakafu ya darasa inapigwa deki, bomba halikuzibwa chini, maji yanapanda ndani yakakaa. Kutu inakula kutokea ndani, nje rangi bado inang'aa. Kijana wetu mmoja ana mtindo wa kupita na nyundo ndogo anagonga kila mguu, anasikiliza. Mguu mzima unalia. Uliokwisha unatoa sauti ya kopo.

Pa tatu ni ubao. Umeshikwa kwa bolti nne, nati zinalegea, mtoto mtundu anamalizia kwa vidole, na ubao ukishatoka haukai. Kuna jiko mahali fulani linausubiri.

Matengenezo yake hayana ufundi wa kutisha. Kiungo kinasafishwa kwa brashi ya waya, kinachomelewa mzunguko mzima. Mguu uliooza unakatwa mpaka kwenye chuma kizima, unaungwa kipande, na chini unazibwa kibati ili maji yasipande tena. Wenye haraka hukiruka hicho kibati, nami ningemkata fundi nusu ya malipo kwa kukisahau. Ubao unarudishwa kwa bolti mpya, na ncha ya bolti inapondwa kwa nyundo juu ya nati ili isifunguke kwa vidole. Mninga au mkongo ukiupata, sawa, lakini kwa dawati la shule hata paini iliyopigwa dawa ya wadudu inatosha, mradi unene usipunguzwe.

Sasa hesabu. Si kila dawati bovu kwenye rundo linatengenezeka. Mara nyingi unachukua mguu wa hili, mbao za lile, matatu yanakupa mawili mazima, na hapo leja inagoma. Kwenye daftari yameandikwa matatu. Uwanjani yapo mawili na kifurushi cha vyuma. Mtu wa kawaida anafurahi watoto wamekaa, mtu wa stoo anaanza kutoka jasho.

Tulikaa na Afisa Elimu Kata tukatengeneza fomu ya ukurasa mmoja. Inaandika madawati yaliyoingia kwenye kazi, yaliyotoka mazima, na mabaki ni nini. Inasainiwa na mwalimu mkuu, mwenyekiti wa kamati ya shule na mtendaji wa mtaa, inapigwa mihuri, nakala inabaki faili la shule. Mabaki yanafungwa kwa waya, yanabandikwa karatasi yenye namba ya fomu, yanawekwa chumba chenye kufuli mpaka siku ile kamati ya kukagua vifaa chakavu itakapojaliwa kukaa. Hatuyauzi hata kwa shilingi mia ya maji. Watu wa vyuma chakavu wamepita na mizani zao wakashawishi sana, na kuna mjumbe wetu aliona hiyo ndiyo njia ya kulipia uniti. Ningekubali, mfumo mzima ungefia hapo, kwa sababu siku inayofuata kila dawati bovu mtaani lingekuwa na bei, na mazima yangeanza kuwa mabovu.

Upande wa pili wa kazi ni samani za watu binafsi: ofisi zinazohama, hoteli inayobadilisha vyumba, familia iliyogawana nyumba ya marehemu. Huku ruhusa ni nyepesi, barua ya kutoa mali kwa hiari yenye muhuri inatosha. Kinachokosekana huku ni muda.

Kampuni moja, jina nitalihifadhi, ilinipigia Ijumaa saa sita mchana. Pango linaisha, funguo zinarudishwa jioni, wana meza, viti vya kuzunguka, makabati ya faili. "Mnaweza kuja leo kabla ya saa kumi?" Mkataba wao wa pango ulikuwa na tarehe ya kuisha tangu siku walipousaini, lakini samani huwa zinakumbukwa mwisho, baada ya kompyuta na jokofu. Nikatafuta kirikuu. Dereva akasikia haraka kwenye sauti yangu, akapanga bei kwa kuisikiliza hiyo haraka. Lifti ya jengo imezimwa kwa ajili ya wahamaji wengine, kabati la chuma linashuka ngazi kwa mabega ya vijana wanne, na mlinzi getini anataka barua yenye orodha, wa kuisaini ameshakwenda msikitini hajarudi. Tulipofika nyumbani usiku, usafiri ulikuwa umekula zaidi ya kile ambacho meza zile zingeuzwa.

Kwa hiyo ofisi tunazifuata kabla hazijahama. Tunaziomba kitu kimoja, watuambie mwezi pango linapoisha. Wengine wanatuona wanga, tunaulizia kifo cha mtu mzima. Lakini wachache waliokubali wametupa nafasi ya kwenda na mkanda wa kupimia, kupiga picha, na kumtafuta mwenye kuhitaji kabla kitu hakijasogea. Meza ikitoka Posta, katikati ya jiji, ikashukia moja kwa moja kwenye ofisi ya serikali ya mtaa au kwenye kituo cha tuisheni, imepanda gari mara moja. Ikipitia ghalani inapanda mara mbili, na wabebaji nao wanalipwa mara mbili.

Ghala ndilo linaloua kazi hizi. Ukishapata chumba cha bure, kila mtu analeta. Kochi la mama mkwe, friji isiyo na mota, mlango mmoja wa kabati la milango mitatu. Haipiti muda chumba kimejaa mpaka dari, ukitaka kiti cha nyuma lazima uhamishe dunia. Sisi kila kitu tumekipa arobaini yake. Kinapoingia kinaandikwa tarehe kwa chaki. Siku arobaini zikitimia hakijapata mtu, kinashushwa bei mara moja, kikiendelea kukaa kinavunjwa vipuri: bawaba, droo, skrubu, vitasa, mbao ndefu upande huu, fupi upande ule. Aliyekileta anaambiwa mapema, kwa sababu watu wanaumia kukuta meza ya baba yao imekuwa stuli mbili. Orodha inayotuongoza ni ya wanaohitaji. Ya vitu vilivyopo tunaitazama baadaye.

Nimesoma sana juu ya wenzetu wa mbali, na kuna ninaowaonea wivu na wengine siwaonei. Kule Eskilstuna, Sweden, tangu 2015 kuna jengo zima la maduka, ReTuna, linalouza vitu vilivyotumika au kutengenezwa upya, liko ubavuni mwa kituo ambako wenyeji wanapeleka takataka zao. Mtu analeta, wapokeaji wanachambua palepale, kinachofaa kinaingia dukani. Ni mpango mzuri kwa watu wanaotupa. Huku Temeke ni nani anatupa kabati? Samani zetu hazifiki jalalani zikiwa nzima. Zinafungiwa, stoo, uani, nyuma ya darasa, zinangoja mtu mwenye mamlaka ya kusema ndiyo. Kusimama jalalani na mikono wazi kwetu ni kupoteza siku.

Amsterdam nako, mwaka 2009, Martine Postma alianzisha Repair Café, watu wanakutana wanatengenezeana vitu bure, kahawa ipo. Wazo limesambaa nchi nyingi, na nalipenda. Lakini linasimama juu ya mtu mwenye mshahara wake wa mwezi na Jumamosi yake iliyo huru. Fundi wa Keko analipwa kwa kitu alichokimaliza leo, na Jumamosi ndiyo siku wateja wanakuja na hela. Kumwomba ajitolee ni kumwomba mwanawe alale na njaa kwa ajili ya mtoto wa mwenzake. Tuliofanana nao zaidi, naona mimi, ni Emmaüs ya Ufaransa, aliyoianzisha padre Abbé Pierre mwaka 1949. Watu wasio na makazi walikusanya vitu vya watu, wakavitengeneza, wakauza, wakaishi kwa jasho hilo. Pale kutengeneza ni kazi yenye kipato. Sisi mafundi tunawalipa kwa kipande, bei zimebandikwa ukutani, mguu bei yake, ubao bei yake, na vijana wanaojifunza wanapata nusu mpaka kazi yao ipite bila kurudiwa.

Uingereza imenifundisha jambo la karatasi. Kule, kwa sababu ya kanuni za 1988 za usalama wa moto, mashirika ya hisani kwa kawaida hayapokei kochi lisilo na lebo inayothibitisha kwamba kitambaa na sponji yake vinahimili moto, labda liwe kuukuu kweli, la kabla ya 1950. Mtu anaweza kuwa na kochi zima, safi, aliloketi juu yake mwaka mmoja tu, lakini alikata ile lebo kwa mkasi kwa sababu ilikuwa inamkera, basi kochi limekufa. Niliposoma hayo nikawaonea huruma kama ndugu. Sisi tunashindwa kwa leja, wao kwa kitambaa cha upana wa vidole vitatu.

Makochi hata sisi tunayakataa, ila sababu yetu ina miguu sita. Kunguni akiingia ghalani amekwenda nyumba zote ulizozihudumia, na jina lako limekwisha mtaani kabla yake. Kochi likiletwa, linabaki nje juani, mama mmoja kati yetu anapita na tochi kwenye mishono na chini ya mbao za mkono, anatafuta vile vidoadoa vyeusi. Akitikisa kichwa, hakuna rufaa. Wakati mwingine tunakubali fremu peke yake, ikiwa mti ni wa maana, tunavua kila kitu pale nje, inapigwa dawa, sponji haivuki kizingiti.

Kingine kinachotusumbua ni chipubodi. Meza nyingi za ofisi za siku hizi ni chembe za mbao zilizobanwa kwa gundi zikavikwa ngozi ya plastiki. Ikiwa kavu, inafaa. Skrubu ya bawaba ikilegea unaziba tundu kwa kijiti na gundi, unapiga tena, inashika. Lakini ikishakunywa maji chini inavimba kama mkate uliomwagikiwa chai, na hakuna fundi duniani wa kuirudisha. Mama lishe wanaziomba vipande kwa ajili ya jiko, tunawanyima, na wanatuona wachoyo. Ile gundi ikiungua inatoa moshi wenye sumu, na mtu anainama juu yake tangu alfajiri. Tumepata matumizi machache, migongo ya makabati, mbao za matangazo, vizuizi vya chumba. Vingine vimekaa, na nikikuambia nina jawabu nitakuwa nakudanganya.

Bei tulibishana sana. Wapo waliotaka kila kitu kitolewe bure, kwa kuwa tumepewa bure. Mafundi ndio waliokataa, na hoja yao ilinishinda: meza ya bure ikiwekwa barabarani mita chache kutoka kwa mtu anayeuza meza, umemfilisi jirani yako kwa jina la hisani. Sasa tunauza kwa bei inayorudisha usafiri na matengenezo, hatutengenezi kitanda wala kabati la nguo ambalo Keko wanaishi kwalo, tunabaki kwenye meza za kazi, viti na rafu. Mwenye shida ya kweli analetwa na mjumbe wa mtaa, analipa kidogokidogo au halipi, na hakuna anayesomewa jina mbele ya watu.

Kitu kinachotoka kina dhamana. Kikilegea ndani ya miezi mitatu fundi anarudi bila kulipwa. Hapo pia ndipo nukta mbili za kuchomelea zilipogeuka mzunguko mzima, hapakuwa na haja ya hotuba.

Shule ya jirani imetuandikia, wanataka tuingie kwao likizo ya Juni. Tunawadai vitu vitatu kabla hatujabeba mashine: hesabu ya rundo yenye mihuri, namba ya mita ya LUKU, na chumba chenye kufuli cha kuhifadhia mabaki. Hesabu imefika, namba ya mita imefika. Chumba kilichopo kimejaa mahindi ya uji, na mwalimu anayeshughulikia chakula amesema hahamishi gunia hata moja mpaka apewe barua.